B.E.2 ilikuwa ndege mbovu kweli? Jibu kwa mwalimu wa Voi

Mwalimu mmoja wa historia kutoka Voi ameniandikia. Nafupisha barua yake: "Katika kusoma habari za Vita vya Kwanza vya Dunia nimekutana na ndege ya Waingereza iitwayo B.E.2. Karibu kila anayeiandika anaitukana, na wengine wanaiita chakula cha Fokker, yaani ndege za kivita za Wajerumani. Lakini nasoma pia kwamba ziliundwa kwa maelfu, na kwamba zilifika hadi huku kwetu Mbuyuni. Kama ilikuwa mbovu kiasi hicho, mbona hawakuiacha? Huku ilifanya kazi gani? Na je, ipo hata moja iliyobaki?"

Mwalimu, salamu. Una haki ya kushuku. Ndege mbovu haiundwi takriban 3,500. Mimi ni fundi niliyezeekea kwenye hanga, na nikipewa ndege yoyote swali langu la kwanza huwa moja: iliagizwa ifanye nini? B.E.2 iliagizwa imbebe mtu mmoja mwenye macho mazuri na penseli, imzungushe juu ya jeshi la adui, imrudishe salama na alichokiona. Kazi hiyo iliifanya vizuri kuliko nyingi za rika lake. Kisha vita vikabadilisha kazi, na ile ile sifa iliyowafanya waipende mwaka 1914 ikawa ndiyo inayowaua mwaka 1916.

Tuanzie Farnborough, kusini mwa Uingereza, mwaka 1911. Hapo palikuwa na kiwanda cha serikali kilichozoea kutengeneza maputo ya jeshi. Mkuu wake alikuwa Mervyn O'Gorman, na kijana aliyekuwa akichora ndege na kuzirusha mwenyewe alikuwa Geoffrey de Havilland. Tatizo lao ni kwamba hawakuwa na idhini ya kuunda ndege mpya. Walichoruhusiwa ni matengenezo. Basi ikaletwa pale ndege moja aina ya Voisin, zawadi ya Duke wa Westminster, kabaila wa Kiingereza, kwa jeshi, ikaingia karakana "kutengenezwa". Iliyotoka haikufanana na iliyoingia hata kidogo. Kilichosalia cha maana ni injini ya Wolseley na rejeta yake. Aliyewahi kukaa kwenye gereji ya bodi za matatu anaujua mchezo huu: gari linaingia lori, linatoka basi, na kwenye karatasi limefanyiwa ukarabati tu.

Ndege hiyo, B.E.1, iliruka mara ya kwanza tarehe 4 Desemba 1911. Ile B.E. ni ya "Blériot", jina la Mfaransa aliyevuka mlango wa bahari wa Uingereza mwaka 1909, pamoja na neno lenye maana ya "ya majaribio". Usidhani waliiga ndege ya Blériot. O'Gorman alikuwa akizipanga ndege kwa maumbile: zenye rafadha mbele inayovuta aliziita za Blériot, na zenye rafadha nyuma inayosukuma akaziita za Farman. Tarehe 1 Februari 1912 ikafuata B.E.2, ndugu yake wa tumbo moja, ila yenye injini ya Renault ya silinda 8 na nguvu za farasi 60, inayopozwa kwa upepo. Hakuna rejeta wala maji. Kumbuka jambo hilo tutakapofika Mbuyuni.

Agosti 1912 jeshi likaitisha mashindano ya ndege za kivita huko Salisbury Plain. B.E.2 haikuruhusiwa kushindana, maana O'Gorman alikuwa mmoja wa majaji, lakini iliruhusiwa kuruka pembeni. Tarehe 12 de Havilland akapanda nayo akiwa na Meja Sykes hadi zaidi ya mita 3,200, rekodi ya Uingereza wakati huo. Mshindi rasmi alikuwa Samuel Cody na ndege yake kubwa ya mianzi na turubai. Jeshi likampa Cody zawadi yake, kisha likaagiza B.E.2. Kampuni binafsi zilinung'unika, na kinyongo hicho kitaturudia baadaye.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya raha. Februari 1913 Kikosi cha 2 cha ndege kikaanza safari ya kuhamia Montrose, Scotland, kwa kuruka, na tarehe 22 Novemba mwaka huo Kapteni Longcroft akaondoka Montrose na B.E.2a yenye tangi la ziada, akateremka hadi Portsmouth, akageuza na kutua Farnborough bila kugusa ardhi njiani, safari ya muda wa saa 7 na dakika 20. Ajali pia zilikuwepo. Mei 1913, hapo hapo Montrose, bawa la B.E.2 ya Luteni Desmond Arthur lilikatika angani akafa. Wachunguzi walipobandua kitambaa wakakuta mbao ya ndani karibu na ncha ilikuwa imevunjika zamani na kuungwa ovyo, kisha mtu akaifunika kwa kitambaa kipya na kunyamaza. Jina la fundi huyo halikujulikana. Huwa nawasimulia vijana wa karakana kisa hiki, wala sina haja ya kuongeza neno.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo ndilo moyo wa swali lako: utulivu.

Ndege za mwanzo zilikuwa kama baiskeli isiyo na mtu. Ukiachia mikono, inaanguka. Rubani alipigana nayo tangu kupaa hadi kutua, hakuwa na nafasi ya kutazama chini, sembuse kuhesabu mabehewa ya treni. Pale Farnborough palikuwa na msomi wa Cambridge, Edward Busk, aliyejiunga mwaka 1912 na kujifunza kurusha ndege ili apime mwenyewe jinsi inavyopigwa na upepo. Yeye na wenzake wakaipanga B.E.2 upya. Bawa la juu likasogezwa mbele ya la chini. Mabawa yakainuliwa kidogo kwenye ncha, mfano wa mtu aliyenyoosha mikono na kuipandisha kidogo juu ya mabega. Ndege ikilalia upande, bawa lililoshuka linapata kani zaidi ya kuinuka kuliko lile lililopanda, nayo inajinyoosha yenyewe. Zamani rubani aliinamisha ndege kwa kupinda bawa zima kwa waya. Sasa wakaweka vibawa vidogo vyenye bawaba kwenye kingo za nyuma. Hiyo ndiyo B.E.2c ya mwaka 1914.

Ilitulia kiasi gani? Juni 1914 Meja Brancker, ambaye hakuwa rubani hodari kwa sifa yoyote, aliondoka nayo Farnborough kwenda Netheravon, mwendo wa kilomita zipatazo 60. Alipofika kimo cha mita 600 akaachia usukani. Hakuugusa tena mpaka alipoliona jengo la kituo anachokwenda. Njiani akatoa karatasi akaandika ripoti ya nchi iliyokuwa ikipita chini yake. Jaribu kupata picha hiyo: mwaka 1914, ndege ya mbao na kitani, na mtu anaandika barua humo ndani. Kwa jenerali anayetaka habari za adui, kuna ndege gani bora kuliko hiyo? Busk mwenyewe hakuyaona matunda. Tarehe 5 Novemba 1914 B.E.2c aliyokuwa akiirusha iliwaka moto angani karibu na Farnborough, akafa.

Vita vilipoanza, ndege ya kwanza ya Uingereza kutua Ufaransa ilikuwa B.E.2a ya Luteni Harvey-Kelly, karibu na Amiens, tarehe 13 Agosti 1914. Siku sita baadaye ukafanyika upelelezi wa kwanza. Luteni Mapplebeck alikuwa na B.E.2, mwenzake Kapteni Joubert de la Ferté alikuwa na Blériot, na wote wawili walipotea njia. Mapplebeck aliruka juu ya Brussels, mji mkuu mzima wa nchi, asiutambue. Hawakuwa na watazamaji. Kila mmoja alirusha, akasoma ramani na kupeleleza peke yake. Wiki haikuisha kabla wapelelezi wa angani hawajaona misafara ya jeshi la jenerali Mjerumani von Kluck ikija kuwazunguka Waingereza pale Mons, Ubelgiji, na mwezi uliofuata, kwenye mto Aisne, maofisa Lewis na James wa Kikosi cha 4 wakaanza kuwaelekeza wapiga mizinga kwa simu ya upepo wakiwa ndani ya B.E.2a. Tangu hapo mzinga ukawa na jicho juu. Picha za mahandaki, kuelekeza mizinga, mabomu madogo huku na huku: yote ilibebeshwa ndege hii. Nishani ya kwanza ya Msalaba wa Victoria kwa rubani alipewa Rhodes-Moorhouse, aliyeshuka chini na B.E.2b kupiga bomu reli ya Kortrijk tarehe 26 Aprili 1915, akajeruhiwa vibaya, akairudisha ndege na kutoa ripoti yake kwanza. Alikufa kesho yake.

Halafu akaja Fokker. Katikati ya mwaka 1915 Wajerumani wakapata ndege ya bawa moja yenye bunduki ya rashasha inayofyatua kupitia katikati ya rafadha bila kuikata, kwa sababu injini yenyewe ndiyo inayoiruhusu au kuizuia risasi. Tarehe 1 Agosti Max Immelmann akapata ushindi wake wa kwanza. Aliyeangushwa alikuwa Mwingereza William Reid, peke yake kwenye B.E.2c, kwa kuwa ukibeba mabomu injini haikuweza kumbeba mtazamaji na bunduki yake pia.

Kaa nami ndani ya B.E.2c dakika moja, Mwalimu, uone hali ilivyokuwa. Mtazamaji anakaa mbele, rubani nyuma. Walimweka mbele ili kiti chake kiwe karibu na kitovu cha uzito: akiwepo au asipokuwepo, mizani ya ndege haibadiliki. Ni akili nzuri ya kihandisi. Lakini sasa mpe huyo mtazamaji bunduki ya rashasha aina ya Lewis. Mbele yake inazunguka rafadha, hawezi kupiga huko. Juu ya kichwa chake kuna bawa, chini yake bawa jingine. Kushoto na kulia kuna nguzo na nyaya za kufungia mabawa. Nyuma, ambako adui anatokea, amekaa rubani. Wakatengeneza vikalio vya bunduki hapa na pale kwenye ukingo wa kiti, na adui akihama upande, mtazamaji anaing'oa bunduki kwa mikono iliyokufa ganzi na baridi, anaihamishia kikalio kingine, anaanza kulenga upya, akichunga asimpige rubani wake au asikate waya wa bawa lake. Mwendo ni kilomita 116 kwa saa. Kufika mita 3,000 ni dakika 45.

Na rubani je, hawezi kukwepa? Hapo ndipo utulivu ulipogeuka mkosi. Mtu wa pwani ataelewa haraka: ngalawa yenye mirengu, zile mbao za kuelea, pande zote haipinduki hata ukiisukuma, lakini ukitaka igeuke ghafla, ile mirengu ndiyo inayokukatalia. B.E.2c ilikuwa ngalawa ya namna hiyo angani. Ukiilaza, inataka kusimama. Fokker haikuwa ndege ya ajabu, ilikuwa na udhaifu wake mwingi, lakini ilikuwa na bunduki ielekeayo mbele na ilikutana na windo lisilogeuka upesi.

Tarehe 14 Januari 1916 makao makuu ya jeshi la anga Ufaransa yakatoa amri kwamba ndege ya upelelezi isivuke mpaka bila angalau nyingine tatu za kuilinda. Hesabu mwenyewe: kazi ya ndege moja sasa inataka nne. Machi mwaka huo mbunge Noel Pemberton Billing, aliyewahi kumiliki kiwanda cha ndege, akasimama bungeni akasema marubani wanauawa na wakubwa wao kwa kupewa ndege hizi. Hapo ndipo kinyongo cha mwaka 1912 kilipofufuka. Kwa maoni yangu nusu ya hotuba yake ilikuwa uchungu wa haki na nusu ilikuwa biashara. Tume zikaundwa, Kiwanda kikachunguzwa, O'Gorman akaondoka mwaka huo huo.

Mbona hawakuiacha basi? Hapa lawama ninazo, ila naziweka mezani pa ofisi, si karakanani. Michoro ya B.E.2c ilikuwa kamili na imesambazwa kwa kampuni nyingi, zikiwemo zilizokuwa hazijawahi kuunda ndege. Zilikuwa zimeshajifunza kukata mbavu zake na kushona kitambaa chake, na mikataba imesainiwa. Jeshi lilikuwa likikua kwa kasi na kila kikosi kipya kilitaka ndege leo, na ndege iliyopo inaishinda ndege nzuri iliyo kwenye karatasi. Mrithi wake, R.E.8, hakufika mstari wa mbele mpaka mwishoni mwa 1916. Katikati wakaleta B.E.2e, ambayo ilibadilishwa mabawa na kubaki na injini ile ile. Aprili 1917, mwezi ambao Waingereza wanauita wa damu, walipoteza takriban ndege 245, na B.E.2 zilikuwa karibu 60. Orodha ya ndege alizoangusha rubani mashuhuri wa Kijerumani, Manfred von Richthofen, imejaa jina hili. Vijana waliopelekwa juu na ndege ya mwaka 1914 katika anga la mwaka 1917 walionewa, hilo silipingi.

Lakini wakati zikianguka Ufaransa, usiku wa London ndege ile ile ilikuwa shujaa. Wajerumani walikuwa wakituma meli za anga, yale maputo makubwa yenye kiunzi ndani, kupiga mabomu gizani. Ndege nyepesi na kali usiku ilikuwa hatari kwa rubani wake kuliko kwa adui. B.E.2c ilijiongoza yenyewe huku rubani akitafuta, ikatua polepole. Wakaziba kiti cha mtazamaji, wakafunga bunduki ya Lewis inayoelekea juu, wakaipa risasi za kulipuka na za moto. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba 1916 Luteni William Leefe Robinson aliruka zaidi ya saa tatu gizani hadi akaifikia meli ya anga SL 11 kaskazini mwa London. Akapita chini yake na kumwaga kasha zima la risasi kutoka ncha hadi ncha. Hakuna kitu. Akamwaga la pili ubavuni. Hakuna kitu. La tatu akalielekeza mahali pamoja tu, karibu na mkia, na ndani ya sekunde chache sehemu hiyo ikang'aa, kisha meli nzima ikawaka. Watu 16 waliokuwamo wakafa wote. London nzima iliona, watu wakashangilia barabarani usiku wa manane, na Robinson akapewa Msalaba wa Victoria ndani ya siku chache. Wiki tatu baadaye Frederick Sowrey akaiangusha meli nyingine ya anga, L32, na tarehe 1 Oktoba Wulstan Tempest akaiangusha L31. Wote wawili kwa B.E.2c.

Sasa nirudi kwenu. Kikosi cha 26 cha ndege kiliundwa Uingereza Oktoba 1915, wengi wao wakiwa Waafrika Kusini waliotoka kwenye kampeni ya Namibia. Walishuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 wakiwa na B.E.2c na ndege za Henri Farman, wakapandishwa reli hadi Voi, kisha wakafuata ile reli ya kijeshi iliyokuwa ikijengwa kuelekea Taveta hadi Mbuyuni. Wenzao wa jeshi la majini walikuwa wametangulia na ndege zao. Kumbuka ndege zilizoruka kutoka Mafia Julai 1915 kuelekeza mizinga iliyoimaliza meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, kwenye delta ya Rufiji.

Kule Ufaransa adui wa B.E.2c alikuwa Fokker. Huku hapakuwa na Fokker hata moja. Ndege pekee ya Wajerumani Dar es Salaam, ya rubani Bruno Büchner, ilikuwa imeharibika mapema tangu 1914. Kwa hiyo lile kosa kubwa la B.E.2c huku halikuwa kosa. Injini isiyotaka maji ilikuwa baraka katika nyika ya Taru, ambako jeshi zima lilikuwa likihangaika na mapipa ya maji. Utulivu wake ulimwacha mtazamaji achore ramani ya nchi ambayo ramani zake zilikuwa karibu tupu.

Adui wa huku walikuwa wengine. Joto na mwinuko huifanya hewa iwe nyepesi, mabawa yanapoteza nguvu na injini nayo inapumua kwa shida. Saa sita mchana ndege iliyopaa vizuri alfajiri inagoma. Mbao hukauka na kusinyaa, kitambaa hulegea, na fundi anakaza nyaya asubuhi akijua jioni zitakuwa zimehama tena. Malaria iliwalaza marubani na mafundi kuliko risasi. Kubwa zaidi lilikuwa pori lenyewe. Ile ndege iliundwa kuona misafara kwenye barabara nyeupe za Ulaya. Askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, walitembea chini ya miti, wakisikia mngurumo wanasimama kimya, na mtazamaji aliyeko juu haoni ila vichaka. Vita vya kilima cha Salaita, karibu na Taveta, tarehe 12 Februari 1916, viliwaonyesha Waingereza gharama ya kuuamini mlima unaoonekana mtupu kwa juu. Hata hivyo kadiri jeshi la Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, lilivyosonga kusini, Kahe, Morogoro na kuendelea, ndege hizi zilibaki njia ya haraka ya kujua mto uko wapi, daraja limevunjwa au la, na kikosi cha mbele kimefika wapi, huku viwanja vya kutulia vikifyekwa kwa mapanga kila jeshi lilipohama. Kikosi kiliondoka Afrika Mashariki mwaka 1918.

Zilizobaki duniani ni chache. Ningekushauri ile ya Ottawa, Kanada, kwenye jumba la makumbusho ya anga, kama utajaliwa kufika au ukipata picha zake nzuri mtandaoni. Namba yake ni 4112, na ndiyo ile ile Sowrey aliyoiangushia L32. Iangalie kwa ubavu: nguzo mbili mbili, nyaya zinazokatizana, mabawa yaliyopandishwa kidogo kwenye ncha. Kisha tafuta kiti cha mbele, ujaribu kuwaza ungeielekezea wapi bunduki.